Uganda: Ghuba moja, maji ya kunywa na majitaka

Mji mkuu wa Uganda, Kampala, huteka sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa katika Ghuba ya Murchison, upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo humiminika Mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji ya mvua, majitaka ya viwanda, uchafu wa vyoo uliovuja mitaani, na pia maji yaliyokwisha kusafishwa katika mtambo wa majitaka wa Bugolobi. Kati ya mdomo wa mfereji na mabomba ya kuvutia maji ya Gaba kuna kilomita chache tu za maji yenye kina kifupi. Kwa miongo kadhaa umbali huo mdogo umekuwa suala la afya ya umma. Leo ni suala la fedha na umeme vilevile, na la kuamua shilingi inayofuata ielekezwe wapi.

Hakuna anayeweza kudai kwamba Uganda imekaa bure. Mtambo wa zamani wa Bugolobi, uliorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ulikuwa umekwisha kuzidiwa na jiji. Mahali hapo sasa pana mtambo mpya wenye uwezo wa kupokea mita za ujazo 45,000 za majitaka kwa siku, uliogharimiwa na serikali pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika, benki ya maendeleo ya Ujerumani KfW na Umoja wa Ulaya. Una matangi makubwa ya kuozeshea tope, na gesi inayotoka humo huendesha mashine za kuzalisha umeme. Kwa upande wa maji ya kunywa, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, limejenga mtambo mwingine huko Katosi, wilayani Mukono, wenye uwezo wa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Katosi iko mbali na ghuba, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Maji ya Murchison yalikuwa yakizidi kuwa ghali kuyasafisha. Jiji linapopeleka ndoo yake kwenye kisima cha mbali, huwa limekiri jambo fulani kuhusu kisima cha karibu.

Hata hivyo Gaba haijafungwa, wala haiwezi kufungwa. Maelfu ya kaya bado huyategemea mabomba yake. Kinachoyasumbua maji hayo zaidi ya taka zinazoelea juu ni kitu kisichoonekana, nacho ni naitrojeni.

Uchafu usio na rangi

Majitaka yanaposafishwa, macho ya watu huangalia kwanza mambo ya wazi: vitambaa na plastiki vilivyonaswa kwenye nondo za chujio, mchanga uliotuama, harufu iliyopungua. Naitrojeni haina rangi. Maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa maangavu kiasi cha kumridhisha mgeni rasmi siku ya uzinduzi, na bado yakawa yamebeba amonia tele.

Chanzo chake ni chakula. Protini tunayokula huacha naitrojeni, na mwili huitoa, nyingi zaidi kwa njia ya mkojo. Kwa kutegemea lishe, mtu mmoja hutoa kati ya kilo 2 na kilo 4 kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2024 iliwahesabu wakazi wa Kampala kuwa takribani milioni 1.8, bila kuwatia ndani wale wanaoingia asubuhi kutoka Wakiso na Mukono na kurejea makwao jioni. Kwa kukadiria tu, jiji huzalisha tani 10 hadi 20 za naitrojeni kila siku, kabla ya kujumlisha damu na kinyesi cha machinjioni na majitaka ya viwanda.

Urea iliyomo kwenye mkojo hugeuka haraka kuwa amonia, na hapo ndipo gharama inapoanza. Kila kilo ya naitrojeni iliyomo kwenye amonia inayoachwa ifike ziwani huweza kumeza zaidi ya kilo 4 za oksijeni wakati bakteria wanapoigeuza kuwa nitrati. Hiyo ni oksijeni ambayo sato na sangara wangeivuta. Mwanzoni mwa mwaka 2021, sangara wengi walikutwa wakielea wakiwa wamekufa katika ziwa hilo, na maofisa wa Uganda walieleza kwamba sababu ilikuwa upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuvuruga maji. Tukio hilo halipaswi kubebeshwa mfereji mmoja wa jiji moja, lakini lilionyesha jinsi akiba ya oksijeni ilivyo finyu.

Amonia ina tabia nyingine inayowatatiza wavuvi. Ikiwa pH ya maji ni 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika umbo linalowadhuru samaki. Mwani unapostawi kwa jua la mchana, hufyonza kaboni kutoka majini na kupandisha pH. Ikifika 9, katika joto la maji ya ukanda huu, zaidi ya theluthi moja ya amonia ile ile hugeuka sumu. Kiasi ambacho alfajiri hakikumdhuru samaki, alasiri kinaweza kumuua.

Katika mtambo wa maji ya kunywa, hasara huja kwa namna tofauti. Klorini inayotiwa ili kuua vijidudu hukimbilia kwanza kuungana na amonia. Kwa kila kilo moja ya naitrojeni ya amonia, huenda kilo 8 hadi 10 za klorini zikamezwa kabla klorini huru haijabaki kwenye maji. Mwani nao huziba vichujio na kudai shabu nyingi zaidi. Baadhi ya mwani wa kijani-bluu, hasa jamii ya Microcystis, hutoa sumu inayodhuru ini. Watafiti wamekwisha kuikuta katika Ghuba ya Murchison, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi maikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa. Kwa hiyo mkazi wa Kampala hulipia naitrojeni yake mara mbili: mara ya kwanza kwenye tozo ya majitaka kama ameunganishwa, mara ya pili ndani ya bei ya maji, hata kama hajaunganishwa.

Bakteria wawili, masharti mawili

Kuondoa naitrojeni majini si kazi ya kuchuja. Hufanywa na bakteria wa makundi mawili yenye tabia zinazopingana. Kundi la kwanza linataka hewa nyingi, huzaliana polepole, na hugeuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati. Kundi la pili hufanya kazi yake pale ambapo oksijeni haipo: hula uchafu wa kuoza huku likivuta pumzi kwa kutumia nitrati, na kinachotoka ni gesi ya naitrojeni, ile ile inayofanya karibu asilimia 78 ya hewa yote. Gesi hiyo hupaa bila madhara. Kundi moja lisipopata linalotaka, kazi ya lingine huharibika.

Ndiyo maana mtambo wa kuondoa naitrojeni hauendeshwi kwa kufungua valvu asubuhi na kuifunga jioni. Katika mitambo inayotumia tope hai, hewa ikipungua, amonia hupita bila kuguswa. Ikizidi, umeme hupotea, na oksijeni ya ziada husafiri hadi kwenye tangi lisilotakiwa kuwa nayo, kundi la pili likaacha kazi. Tena mashine za kupuliza hewa ndizo zinazokula umeme kuliko zote. Mara nyingi huchukua karibu nusu ya matumizi ya mtambo wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo mitambo ya siku hizi hufungwa vihisi vya oksijeni, na iliyo bora zaidi huwa na vihisi vya amonia, vinavyoziamuru mashine kuongeza au kupunguza hewa kadiri mzigo unavyobadilika kati ya usiku wa manane na saa mbili asubuhi.

Vihisi hivyo si vya kununuliwa na kusahauliwa. Hushikwa na utando wa uchafu, hupoteza usahihi, na huhitaji kuoshwa mara kwa mara na kulinganishwa na vipimo vya maabara. Kihisi kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa maana huiongoza mitambo ya mabilioni kwa uhakika wa uongo. Mikataba ya mikopo huorodhesha kwa fahari matangi na mashine. Mshahara wa fundi wa maabara wa mwaka wa 7 hauonekani humo.

Jambo moja la asili liko upande wa Kampala, nalo ni joto. Ulaya ya kaskazini, majitaka yanaposhuka hadi nyuzi 10 wakati wa baridi, bakteria wa kundi la kwanza huzaliana kwa taabu kiasi kwamba tope lazima litunzwe mtamboni siku nyingi, na matangi yawe makubwa. Katika maji ya nyuzi 23 na zaidi, siku chache hutosha. Lakini joto hilo hilo lina hila. Katika nchi za tropiki kundi la kwanza huanza kazi hata pale ambapo mhandisi hakulikusudia. Nitrati ikitengenezwa bila kuandaliwa mahali pa kuondolewa, huishia kwenye tangi la mwisho la kutuamisha. Huko oksijeni huisha, viputo vya gesi huzaliwa ndani ya tope, na tope zima huinuka na kumwagika pamoja na maji yaliyopaswa kuwa safi. Fundi asiyepima nitrati huliona tope likielea na kutafuta kosa mahali pasipohusika.

Kuna sababu nyingine ya kienyeji kabisa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Hayana chokaa nyingi. Kugeuza kilo moja ya naitrojeni kuwa nitrati huzalisha asidi inayohitaji takribani kilo 7 za chokaa kuituliza. Maji laini huishiwa na kinga hiyo mapema, pH huporomoka, na bakteria walewale wa kundi la kwanza hudhoofika. Kundi la pili likipewa nafasi hurudisha nusu ya kinga iliyopotea, na pia hurudisha sehemu kubwa ya oksijeni, zaidi ya nusu kwa hesabu za kemia. Kwa mji unaokunywa maji ya ziwa hili, basi, kuondoa nitrati hakupaswi kuitwa anasa ya nchi tajiri. Ndiko kunakoiwezesha hatua ya kwanza isimame. Namna rahisi ya kufanya hivyo ni kutenga sehemu isiyo na hewa mwanzoni mwa tangi na kurudisha humo maji yenye nitrati yakutane na uchafu mpya, na pampu ya kazi hiyo hula umeme kidogo ukilinganisha na mashine za hewa.

Yote hayo hutegemea umeme usiokatika. Hewa ikisimama kwa saa kadhaa, bakteria hawafi mara moja, lakini amonia ya saa hizo hupita. Ikirejea kwa kubahatisha, kazi hukatikia katikati na kuzalisha naitrasi oksaidi, gesi ambayo tani moja yake huongeza joto la dunia kwa kiasi cha mara 273 ya tani moja ya hewa ukaa katika muda wa miaka 100. Mtambo uliojengwa kwa ajili ya mazingira unaweza kwa namna hiyo kuyadhuru kwa mlango wa nyuma.

Gesi au bakteria

Fahari ya Bugolobi mpya ni gesi yake. Tope hutuama mwanzoni, hupelekwa kwenye matangi yasiyo na hewa, likaoza na kutoa methani, na methani ikatoa umeme. Mpango huo una mantiki, hasa kwa shirika linalolia kila mwaka juu ya ankara ya umeme. Lakini uchafu wa kuoza unaopelekwa kutengeneza gesi ndio chakula ambacho bakteria wa kundi la pili wangekula ili kuondoa nitrati. Kadiri tope linavyovunwa zaidi mwanzoni, ndivyo njaa inavyozidi huko mbele.

Zaidi ya hayo, tope likioza, naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani yake huachiwa. Tope likikamuliwa, maji yanayotoka huwa na amonia kali mno. Kwa wingi wa maji, si kitu, pengine asilimia 1 au 2 ya yanayoingia mtamboni. Kwa uzito wa naitrojeni, katika mitambo ya aina hii huweza kufikia asilimia 15 hadi 20 ya mzigo mzima. Yakirudishwa mwanzo wa mtambo mchana, wakati mzigo wa jiji uko kileleni, ni sawa na kumwongezea mpagazi gunia akiwa mlimani. Yakihifadhiwa na kurudishwa usiku kidogo kidogo, mzigo husawazika. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni tangi moja na ratiba. Maamuzi ya namna hii hayazinduliwi kwa utepe, lakini ndiyo yanayoamua mtambo utafikia kiwango cha kisheria au la.

Ratiba hiyo hiyo inayahusu magari ya kunyonya vyoo. Tope la vyoo vya shimo lina amonia mara nyingi zaidi ya majitaka ya kawaida. Magari kumi yakimwaga kwa mfululizo kabla ya saa sita mchana, mtambo hupigwa kofi ambalo vihisi haviwezi kulizuia, hulihesabu tu.

Tani mbili kati ya kumi

Sasa turejee kwenye hesabu. Majitaka ya miji kwa kawaida huwa na takribani miligramu 50 za naitrojeni kwa lita. Bugolobi ikijaa hadi uwezo wake wote, mita za ujazo 45,000, itakuwa inapokea kama tani 2 na robo kwa siku. Jiji linazalisha tani 10 hadi 20. Hata mtambo ungeondoa kila chembe, na hakuna mtambo unaofanya hivyo, sehemu kubwa ya naitrojeni ya Kampala haingeguswa.

Iko wapi? Chini ya ardhi kwanza. Chini ya mtu mmoja kati ya kumi jijini ameunganishwa na bomba la majitaka. Waliobaki hutumia vyoo vya shimo na matangi ya chooni. Katika mabonde kama Bwaise, ambako maji ya ardhini hufikiwa baada ya kuchimba kidogo tu, shimo la choo na chemchemi ya maji ni majirani wa mlango kwa mlango. Chemchemi nyingi za Kampala zimekutwa na vijidudu vya kinyesi na nitrati, na wanaozitegemea ni wale wasiomudu bei ya bomba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, kwani nitrati nyingi huzuia damu yao kubeba oksijeni.

Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, imehimiza unyonyaji wa vyoo kupitia kampeni yake ya Weyonje, na vikundi vya vijana huingia kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari wakiwa na pampu za mkono. Mtambo wa mabwawa wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014, hupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku pamoja na 5,000 za majitaka ya bomba. Maji yake huelekea kaskazini, mbali na Ghuba ya Murchison. Hizi ni juhudi za kweli, ila zinapungua mno mbele ya mahitaji.

Hapo ndipo wataalamu wanapogawanyika. Wapo wanaouliza kwa nini kufukuza miligramu za mwisho Bugolobi wakati mitaa mizima haina bomba. Hoja hiyo ina uzito, na kama fedha ni za kujenga matangi mapya, mabomba na magari ya tope yanastahili kutangulia. Lakini haifuti haja ya kuuendesha vema mtambo uliokwisha kujengwa. Vihisi, maabara, tangi la kusawazisha na zamu ya magari hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mabomba. Tena kila bomba jipya litakaloungwa litaongeza mzigo wa mtambo huo huo. Kuunganisha watu bila kudhibiti naitrojeni ni kukusanya uchafu uliokuwa umetawanyika katika mashimo elfu na kuupeleka kwa pamoja hadi kwenye mdomo mmoja wa ghuba.

Mafunjo yaliyobaki

Kabla ya mitambo, Kampala ilikuwa na mtambo wa bure. Kinamasi cha Nakivubo, chenye mafunjo yanayoelea ukingoni mwa ghuba, kilipokea maji ya mfereji na kuyapunguzia naitrojeni, kwa sababu ndani yake mna sehemu zenye hewa na zisizo na hewa, yaani masharti yote mawili ya bakteria. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria thamani ya huduma hiyo ya kusafisha maji kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Reli ya kwenda Port Bell inakikata kinamasi hicho vipande viwili. Sehemu ya juu ilikwisha kugeuzwa mashamba ya magimbi na viwanja. Mifereji iliyochimbwa na wakulima huyapitisha maji moja kwa moja bila kuyaacha yazagae kwenye mizizi. Mafunjo yasiyoguswa na maji hayasafishi kitu.

Uganda ina sheria za kulinda vinamasi, na Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, imewahi kuwaondoa wavamizi mahali mbalimbali huku lawama zikiiandama kwamba wadogo hubomolewa na wakubwa huachwa. Kwa Nakivubo, kuyasambaza upya maji katika sehemu ya chini iliyosalia pengine kungekuwa uwekezaji wa bei nafuu kuliko wote, endapo wakulima wa magimbi wangepatiwa mahali pengine pa kulima.

Lipo pia swali la kisayansi ambalo halipaswi kufunikwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na kundi lililoongozwa na mtafiti wa Uganda Rose Mugidde ulionyesha kwamba chanzo kikubwa zaidi cha naitrojeni katika Ziwa Victoria ni mwani wa kijani-bluu wenyewe, ambao baadhi ya jamii zake huichota kutoka hewani. Kwa hiyo baadhi ya wanasayansi husema fosforasi ndiyo ya kuzuiwa: ukipunguza naitrojeni pekee, mwani unaojitengenezea utachukua nafasi. Kwa ziwa zima hoja hiyo ni nzito. Kwa ghuba ya ndani inayolisha mabomba ya jiji, haitoshi. Microcystis, ile inayotoa sumu, haina uwezo wa kuchota naitrojeni hewani. Huishi kwa ile inayoletewa. Na klorini inayomezwa na amonia pale Gaba haiulizi ziwa zima linasemaje. Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kudhibiti vyote viwili, kwa kuanza na amonia.

Kanuni za Uganda za mwaka 1999, zilizodumu miongo miwili hadi zilipobadilishwa mwaka 2020, hazikuusaidia mjadala huu sana. Ziliweka kikomo cha miligramu 10 za naitrojeni yote kwa lita, kiwango sawa na kile ambacho Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 1991 kwa mitambo mikubwa kabisa ya maeneo nyeti. Papo hapo ziliruhusu miligramu 20 za naitrojeni iliyo katika nitrati, kana kwamba sehemu inaweza kuzidi kitu kizima. Fosforasi nayo ilipewa miligramu 10, karibu sawa na inayokuwamo katika majitaka ghafi. Kiwango kikali kisichopimwa na kiwango legevu kisichozuia kitu huishia kuwa na athari moja.

Kwa majirani

Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, ilitokana na itifaki iliyotiwa saini mwaka 2003, na imekuwa ikihimiza viwango vinavyolingana. Kisumu yenyewe huteka maji katika Ghuba ya Winam, iliyofungika kuliko hata Murchison, na hutegemea mabwawa ya majitaka ya Nyalenda. Mwanza huteka Capri Point na Butimba. Miji yote mitatu inakua, na yote mitatu ina mabomba mawili yanayoelekea ziwa moja.

Mkubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani ni Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi. Kigali, iliyoishi muda wote bila mtandao wa jumla wa majitaka, imeamua kujenga wa kwanza, pamoja na mtambo wa mita za ujazo 12,000 kwa siku huko Giti cy'Inyoni, karibu na Mto Nyabarongo, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Ni chini ya theluthi moja ya Bugolobi, na jiji hilo halitegemei ghuba iliyofungika. Lakini Nyabarongo huishia Kagera, na Kagera huishia Ziwa Victoria. Maswali ya Kampala yatalifikia Giti cy'Inyoni siku ya kwanza ya kazi: tope la magari litamwagwa saa ngapi, nani ataosha vihisi, umeme ukikatika mashine ipi itatangulia kuwashwa, na kipimo cha amonia cha kila wiki kitabandikwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kukisoma au kitabaki kwenye daftari la zamu.